Bwana Namba na Bunduki ya Nusu kwa Nusu

Jirani yangu wa ukuta mmoja, yule fundi cherehani, aliwahi kuniuliza tukiwa tunaanika nguo: "Mama, hivi wewe huogopi kulala nyumba moja na mwanamume anayeshinda na bunduki?"

Nikamjibu kwamba ningeogopa kama zingekuwa zinalia. Bunduki za mume wangu hazilii. Nyingi hazina hata nguvu ya kukohoa. Ni vyuma vizee, vimechoka kuliko mimi, ila vyenyewe hufutwa vumbi kwa kitambaa laini kila vikija, na mimi sijawahi kufutwa. Jirani alicheka mpaka kibanio cha nguo kikamtoka mdomoni. Alidhani natania.

Kwa kuwa wengi huniuliza hivyo hivyo, wengine kwa mdomo na wengine kwa macho, nimeona niandike kidogo habari za mtu huyu ambaye Mungu, kwa hekima yake isiyochunguzika, aliona ananifaa.

Mume wangu anatambua bunduki za zamani na kuzipa thamani. Una bunduki ya babu yako iliyokaa darini miaka na miaka, unamletea pamoja na kibali chake, maana bila kibali hakufungulii hata geti. Yeye anakuambia ni ya aina gani, ilitengenezwa enzi zipi, ilikuwa ya askari au ya kuwindia, imechezewa au haijachezewa, na kama inastahili kutunzwa au kugeuzwa bawaba za mlango. Mtaani wanamwita Bwana Namba. Ni kwa sababu ya swali lake la kwanza. Mtu akimwambia, "Mzee, nyumbani tuna bunduki ya marehemu babu," yeye hasemi pole ya marehemu. Anasema, "Namba zinalingana?"

Namba zenyewe ni hivi. Zamani kiwandani bunduki ikikamilika walikuwa wanaigonga namba moja kwenye kila kipande kikubwa: kwenye mtutu, kwenye mwili, na kwenye komeo, yaani kile chuma chenye mkono unachovuta nyuma na kusukuma mbele ili risasi iingie. Vipande vikiwa na namba moja, hiyo ni bunduki iliyozaliwa pamoja na kuzeeka pamoja. Zikitofautiana, basi ni vipande vya wafu mbalimbali vilivyokutanishwa na fundi. Mume wangu anaweza kulizungumza jambo hili kuanzia chai ya asubuhi mpaka chai ya jioni, na watu wamekwisha kujua, ndiyo maana hatupati wageni wengi wa chai.

Wenye bunduki nao wana mambo yao. Tangu niolewe sijaona mtu aliyeleta bunduki ya babu aliyekuwa mpishi. Wote babu zao walikuwa mashujaa, na wote waliua simba. Simba waliouawa na bunduki zilizopita mezani kwangu ni wengi kuliko simba waliowahi kuzaliwa. Mume wangu husikiliza yote, kisha hugeuza bunduki na kusema kwa upole, "Hii, ndugu yangu, ilikuwa ya kufundishia makuruta. Tundu la risasi lilizibwa kiwandani. Haijawahi kuua hata nzi."

Siku moja alikuja bwana mmoja mwenye duka la vyombo, amebeba bunduki imefungwa kwenye shuka jeupe kama mtoto wa ubatizo. Akaifunua kwa madaha. Inang'aa kama kabati la maharusi.

"Mzee, nimeisafisha kwa heshima yako," akasema. "Nimepiga msasa chuma chote, mbao nimepaka vanishi mara mbili."

Mume wangu akavua miwani, akaiweka mezani. Akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa naleta maji ya kunywa, nikadhani wamempigia simu ya msiba.

"Kulikuwa na rangi gani hapa kabla ya msasa?" akauliza.

"Uchafu tu. Kahawia hivi, kama chai iliyokaa."

"Na maandishi madogo hapa ubavuni?"

"Yalikuwepo! Yalinisumbua kweli kuyatoa."

Basi hiyo kahawia ndiyo ilikuwa thamani yake. Chuma kizee kina rangi yake ya uzee, huwezi kuinunua wala kuipaka, na ukiisugua umeisugua na miaka yake yote. Bwana wa vyombo aliondoka amenuna, akatangaza mtaani kwamba Bwana Namba haoni vizuri siku hizi, anapenda vitu vichafu. Hilo la pili siwezi kumtetea. Njooni muone meza yangu ya kulia chakula.

Maana ofisi yake ni hapo mezani. Hutandika blanketi langu zuri nililopewa siku ya harusi, halafu analaza bunduki juu yake kama mgonjwa. Kwanza kabisa anafungua komeo na kuingiza kidole kidogo kule ndani kuhakikisha hakuna risasi, hata kama mwenye bunduki ameapa kwa mbingu na nchi. Kisha anatazama vichwa vya skrubu. Skrubu ikiwa imechubuka mdomo, ujue kuna mtu aliyefungua akiwa na haraka, na mtu mwenye haraka mara nyingi ana jambo. Kisha anatoa mbao na kusoma yaliyo chini yake. Mwisho ananusa. Ananusa kabisa, kama mimi ninavyonusa maziwa. Nilipokuwa mgeni kwenye ndoa nilidhani ni ushirikina, nikawa naomba sana.

Siyo kwamba hakosei. Aliwahi kumwambia mama mmoja mjane kwamba bunduki ya mumewe ni ya juzijuzi, kumbe kutu ilikuwa imefunika nusu ya muhuri. Alipogundua alimfuata yule mama mpaka sokoni kumtaka radhi, na mama akasema hana habari, bunduki alishaipeleka kituoni siku nyingi. Hilo halikumtosha. Jumapili, wakati wa ushuhuda, wenzake wakisimama kueleza walivyopona malaria, yeye akasimama kueleza habari za muhuri. Alieleza umbo la taji, akaeleza herufi iliyo chini ya taji. Waumini walisema amina kwa pamoja, na mchungaji akaanzisha wimbo kabla hajafika kwenye mtutu.

Sasa nieleze alivyoingia kwenye kazi hii, kwa kuwa ndipo penye shughuli.

Baba yangu alikuwa mlinzi wa shamba kubwa, mwenye bunduki ya shamba, na shamba lilipokufa wakamwachia bunduki pamoja na kibali chake badala ya maneno ya shukrani. Siku moja alianguka nayo kwenye baiskeli, kitako kikapasuka. Wakamwita kijana seremala aje kukitengeneza. Kijana alikuja akaziba ufa. Akarudi kuangalia kama ufa umekauka. Akarudi tena kuangalia kama umekauka vizuri. Nyumbani wote walijua anachokuja kutafuta, na mimi nilijua kuliko wote; kila akibisha hodi nilikimbia kubadilisha kitenge. Mama alikuwa anatabasamu peke yake jikoni.

Kumbe mwenzangu alikuwa anakuja kusoma maandishi yaliyokuwa chini ya mbao. Baba alimfungulia, akamwonyesha namba moja baada ya nyingine, zote sawa, akamweleza kila alama maana yake kwa kadiri alivyoelezwa na yeye. Siku kijana alipokuja na wazee wake kuposa, baba alimtazama akamuuliza mbele ya watu, "Kijana, sema kweli. Unataka binti au bunduki?"

Wageni walicheka. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, na sikucheka, kwa sababu alichelewa kujibu.

Binti alimpata. Bunduki ilibaki. Kwa ajili ya yale aliyofundishwa na baba akapata kazi karakana ya silaha, akatengeneza vitako mpaka akastaafu, na huko ndiko alikojua hizi za aina nyingine zote. Lakini akizungumzia bunduki nyingine anasema "ile." Ya baba anasema "yenyewe."

Baba alipofariki, wanawe wa kiume wawili waliigombania ile bunduki kwa moyo wote. Sisi mabinti tulishagawiwa, tulipewa masufuria na baraka. Kaka mkubwa alisema ni yake kwa kuwa ndiye wa kwanza. Mdogo wangu alisema ni yake kwa kuwa ndiye aliyekuwa anamsindikiza baba lindoni. Wakatukanana matanga hata hayajapoa. Ndipo baba mdogo, mtu mwenye busara nyingi sana kwa hesabu yake mwenyewe, akasimama na kuamua: mkubwa achukue mwili wa bunduki, mdogo achukue komeo. Hivyo hakuna atakayeweza kuwa nayo peke yake, itabidi wakae pamoja kama ndugu. Baba mdogo alikaa chini akijiona kama yule mfalme wa kwenye maandiko aliyeamua habari ya mtoto. Tofauti ni kwamba kwenye maandiko mtoto hakukatwa.

Mume wangu alitoka nje. Nilimkuta amesimama karibu na tanki la maji, akaniambia, "Wamemuua mara ya pili."

Na hao ndugu walikaa pamoja? Kaka mkubwa alikwenda kwa muuza vyuma chakavu akanunua komeo la bunduki nyingine, akalisukuma ndani, akatundika bunduki ukutani sebuleni. Mdogo naye akatafuta mwili wa bunduki usio na komeo, akalitia lile la baba, akatundika ukutani kwake. Nyumba zao zinatazamana, barabara ikiwa katikati. Ukiingia upande huu unaonyeshwa bunduki ya baba, ukivuka barabara unaonyeshwa bunduki ya baba. Wageni walidhani baba yetu alikuwa na jeshi. Salamu ikafa kati yao. Mama, ambaye anakaa kwa kaka mkubwa, akawa anamwona mwanawe mdogo ibadani tu, anamshika mkono wakati wa kupeana amani, kama mtu anayemsalimu mgeni.

Mambo yakakaa hivyo mpaka serikali ilipotangaza kwamba bunduki zote za zamani zilizomo majumbani zipelekwe ukumbini kukaguliwa. Zile za asili, ambazo hazijaungwaungwa, zitapelekwa makumbusho, zitawekwa kwenye kabati la kioo na jina la mwenyewe chini yake. Nyingine zote zitayeyushwa, zifanywe mifuniko ya mitaro. Na wakaguzi ni watatu: askari wa kuandikisha, dada mmoja kutoka makumbusho, na mtaalamu wa kutambua. Mtaalamu huyo mnamjua. Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa.

Mume wangu aliposoma sharti lile la kuungwaungwa aliweka kijiko chini. Nilielewa. Bunduki ya kaka ina komeo la watu. Bunduki ya mdogo ina mwili wa watu. Zote mbili zinakwenda kuwa mifuniko, na wa kulitamka neno lenyewe ni yeye.

Akavaa shati la ibada, akaenda kwanza kwa kaka mkubwa. Nilimfuata kwa kisingizio cha kumsalimia mama.

"Shemeji," akamwambia, "zungumza na mdogo wako. Komeo lirudi mahali pake, muilete ikiwa moja."

Kaka alikuwa amekaa chini ya ile bunduki, mguu juu ya mguu. "Ya nini? Yangu ina komeo."

"Halina namba ya bunduki."

"Linayo."

"Shemeji, mwaka ule niliiona kwa macho yangu, namba ilikuwa..."

"Macho ya mtu yanazeeka. Namba ni sawasawa, ncha kwa ncha."

"Basi ishushe niitazame."

"Utaitazama Ijumaa, kama za wengine. Sitaki mtu aseme nimependelewa na shemeji yangu." Akanigeukia mimi. "Mwambie mumeo mimi ni mtu wa haki."

Nikasema amina.

Tukavuka barabara. Mdogo wangu alikuwa anapaka baiskeli yake mafuta, hakutuangalia. "Komeo la baba ninalo mimi, kila mtu anajua," akasema. "Akilitaka, barabara haina mto. Avuke, aseme, 'Mdogo wangu, naomba.' Maneno matatu tu, shemeji. Hayana mfupa."

"Yasipotoka itayeyushwa."

"Iyeyushwe."

Mume wangu alirudi nyumbani akakaa mbele ya blanketi tupu. Nilimwambia, kwa nia njema tu, kwamba mtu mwingine angeandika 'nzima' na kufumba macho, hasa kwa bunduki ya baba mkwe wake. Akanitazama kana kwamba nimemwambia aibe sadaka. "Nikiandika uongo juu yake," akasema, "nitakuwa nimeiyeyusha mimi." Basi nikaenda kuomba. Niliomba Mungu awalainishe ndugu zangu, ingawa nilijua ninamwagiza kazi nzito.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Upande mmoja kulikuwa na meza yenye blanketi langu, upande wa pili rundo la bunduki za kuyeyushwa limefika kiunoni. Dada wa makumbusho alivaa glavu nyeupe na alikuwa na adabu nzuri. Kila mume wangu alipotaja alama alitazama mwenyewe kwa kioo cha kukuzia kabla ya kukubali, na mara mbili alimpinga na mume wangu akakubali. Nilimpenda. Mama nilimkalisha kwenye kiti cha mbele. Alisema anataka kuona tu bunduki ya mumewe inakwenda wapi, maana aliilaza chini ya kitanda chake ujana wake wote.

Kaka akaja na suti. Mdogo akaja na shati la kazi, makusudi. Kila mmoja akaweka bunduki yake mezani, na mume wangu akatoa makomeo yote mawili, akayalaza sambamba.

Askari akainama. Akasoma la kwanza. Akasoma la pili. "Mzee, hawa ni mapacha?"

Namba ilikuwa ileile kwenye yote mawili.

"Mwizi!" akasema mdogo.

"Nani mwizi? Lako ndilo bandia!" akasema kaka.

"La kwangu alinipa baba mdogo mkononi!"

"Na baba mdogo alikuwa anajua nini? Alikuwa anajua kusoma namba yule?"

"Wanangu," akasema mama, nao wakanyamaza kidogo, siyo sana.

Mume wangu alikuwa hasikii. Alichukua kioo, akayasoma makomeo kama mtu anayesoma barua ya mtoto wake. Kisha akampa dada wa makumbusho naye asome, asiambiwe kitu. Dada akachukua muda, akaweka kidole kwenye lile la kaka. "Hapa ndani ya tarakimu kunang'aa," akasema. "Kwenye hili lingine kumeiva rangi sawa na chuma chote. Na hii nne imefungwa juu. Nne ya kwenye mwili wa bunduki iko wazi."

"Na kingo za tarakimu zimeinuka," akasema mume wangu, "kama udongo uliolimwa leo. Zamani zingekuwa zimelala." Akageuza lile la mdogo. "Hili lina mkwaruzo mrefu ubavuni. Ndani ya mwili wa bunduki ya kaka kuna mkwaruzo kama huo. Vimekwaruzana wenyewe."

Ndipo mume wangu, ambaye kwa kawaida ana ulimi wa moja kwa moja kama mtutu, akafanya jambo ambalo sijamwona akilifanya kabla wala baadaye. Alimtafutia kaka yangu mlango wa kutokea.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya chini, "nadhani aliyekuuzia komeo hili alikudanganya. Alikuuzia likiwa limegongwa tayari. Mtu mwenyewe hajui kazi, amegonga ovyo ovyo, tarakimu zimekaa kama meno ya mtoto. Wewe huna kosa."

Mlango huo hapo, wazi, hata pazia limevutwa. Mtu yeyote mwenye akili timamu angepita akasema, loo, dunia ina matapeli. Askari alikwisha kuanza kutikisa kichwa kwa huruma.

Kaka yangu akavimba. "Ovyo ovyo?" akasema. "Fundi wangu yule ovyo ovyo? Nimemsimamia mimi mwenyewe na tochi asubuhi nzima! Kila tarakimu tumepima kwa rula! Njoo uone hapa, meno ya mtoto yako wapi? Hiyo ni kazi safi kuliko ya kiwandani!"

Alikuwa bado amenyoosha kidole hewani kama rula alipotambua amesema nini. Askari akavua kofia akajipepea. Mdogo wangu akapiga kicheko kilichofika barabarani.

"Na wewe usicheke," akasema mume wangu. "Komeo la baba umelipiga msasa kwenye mkono."

Kicheko kikakatika. "Kidogo tu, shemeji. Lipendeze kwa wageni."

"Limependeza, kweli. Baba angekushukuru."

Dada wa makumbusho akaeleza taratibu. Mwili ni wa asili, komeo la mdogo ni la asili, huo msasa ni bahati mbaya lakini atalipokea. Ila hapokei nusu. Wenyewe wawili wakubali kwamba ni bunduki moja, waitoe pamoja, watie saini pamoja. Wasipokubali, vipande vyote vinakwenda kwenye rundo la kuyeyushwa.

Kwa mtu mwingine hapo ndipo pa kumshukuru Mungu. Lakini kaka yangu alikwisha kuaibika mbele ya suti yake. Akaunyakua mwili wa bunduki mezani, akautia kwapani. "Bora iwe mfuniko wa mtaro," akasema, "kuliko niwekwe kwenye kioo pamoja na huyu anayenicheka." Akaelekea kwenye rundo. Viatu vyake vilisikika ukumbi mzima. Mdogo hakumwita, alikunja mikono. Mama alisema jina la utotoni la kaka, mara moja, na kaka hakugeuka, nikaona mkono wa mama unatafuta wangu.

Mume wangu akatoka nyuma ya meza. Nilimfuata, maana nilimwona uso, sikutaka abaki peke yake. Alimfikia kaka pale kwenye rundo, bunduki ikiwa imeinuliwa tayari. Wakazungumza, na kaka akasimama hivyo kwa muda, mikono juu kama mtu aliyetekwa. Kisha akaishusha. Akageuka nyuma akamtazama mdogo wetu, akasema neno ambalo sikulisikia vizuri, lakini midomo yake ilienda mara tatu. Mdogo akakunjua mikono. Akachukua komeo pale mezani akalileta mwenyewe, akitembea upande upande kama mwenye viatu vya kubana, akampa mume wangu. Likaingia bila kusukumwa. Mume wangu alishika bunduki ile kifuani, akafumba macho, na mimi, kwa mara nyingine maishani mwangu, nikawa nyuma ya pazia. Sikuona vibaya. Baadaye walitia saini wote wawili, kila mmoja akisema kalamu ya mwenzake haiandiki, na mama akabebwa kwenye gari la makumbusho kwenda kuona mahali itakapokaa.

Sasa mtaani kila mtu ana habari yake. Wapo wanaosema mume wangu alimtishia kaka kwa polisi. Bwana wa vyombo anasema alimpa kitu kidogo. Akina mama wa kwaya wanasema alimsomea zaburi, na mimi nimewaacha waseme kwa kuwa inawajenga. Mimi nilikuwepo, nimesimama karibu nao kuliko mtu yeyote. Hakumtishia wala hakumsomea kitu. Alisema tu hivi:

"Shemeji, naomba niishike ikiwa nzima, mara moja tu, halafu uitupe."